Hodi ya Tatu

Marselina hakuwa mtu mbaya. Hilo tulimalize mapema, maana huko Masaki ya Kisarawe siku hizi wakimsimulia utadhani alizaliwa na kitambulisho cha ofisi shingoni. Alizaliwa Kibuta, mtoto wa mlima mihogo, akasoma kwa taabu, akaolewa, akafiwa na mume angali kijana, na mikono yake imeosha wazee wengi kuliko vyombo walivyoosha hao wanaomsema.

Kazi hiyo ya kuosha wazee aliifanya katika shirika linaloitwa Fimbo ya Mzee. Ni shirika dogo, ofisi yake kuu iko Kibaha, pale Maili Moja, na tawi lake ni chumba kimoja cha kupanga huko huko Masaki. Linawaangalia wazee wa vijijini ambao watoto wao wamekwenda Dar wakasahau njia ya kurudi. Mhudumu humpikia mzee uji, humfulia, humkata kucha, humgeuza kitandani kama hajiwezi, humpeleka zahanati kwa bodaboda huku amemshika kiunoni asianguke. Si kazi ya kutafutia sifa kanisani. Lakini wapo waliozeeka nayo, na wa kwanza wao ni Bertha.

Bertha ndiye aliyemfundisha Marselina kazi. Alimzidi umri kwa miaka kumi hivi, mwanamke mnene, sauti ya kukwaruza, mdomo hauna breki. Marselina alimwita dada, naye akamwita mdogo wangu. Nyumba ya Bertha iko Masaki, nyuma ya kijiwe cha bodaboda, na kwa miaka yote hiyo Marselina hakuwahi kupiga hodi mlango wa mbele. Alikuwa akizunguka uani, akafunua sufuria kuona kilichopo, kisha akavuta kigoda. Mtu wa nyumbani hapigi hodi.

Ofisi ilipompandisha Marselina kuwa msimamizi wa wahudumu wote wa Kisarawe, akahamia Kibaha, Bertha alishangilia kuliko wote. "Sasa tuna mtu wetu huko juu," alisema. Mtu wetu. Maneno hayo yalikuja kumwasha Marselina baadaye kama upupu.

Mabadiliko yenyewe hayakuanza kwa ubaya. Mhudumu mmoja wa upande mwingine, jina lake tulisitiri, ilibainika kuwa shamba la mikorosho la bibi kipofu aliyekuwa akimtunza limeandikwa kwa jina lake. Bibi alipoulizwa alijibu, "Si mwanangu huyu?" Watoto wa kuwazaa wakaja juu kutoka Dar, wale wale ambao hawakuwa wakileta hata kipande cha sabuni, na wafadhili nao wakaanza kuuliza maswali. Marselina alifuatana na mkurugenzi, Deus, kwenda kwa bibi yule. Aliona jinsi bibi alivyomshika mhudumu mkono asitake kuuachia, na aliona jinsi mhudumu alivyokuwa akitazama chini. Kwa hiyo Deus alipoandika taratibu mpya, Marselina hakulazimishwa kuzibeba. Aliziamini.

Taratibu zilisema mhudumu asikae na mzee mmoja zaidi ya miezi sita. Wahudumu wabadilishane vijiji. Asile chakula cha mzee wala asipokee kitu. Asipite uani wala kuingia ndani mpaka akaribishwe, kwa kuwa nyumba ya mtu ni ya mtu hata kama mwenyewe hajiwezi. Kila ziara iandikwe kwenye kishikwambi, ili ofisi iione kutoka Kibaha. Na mzee asiitwe tena mzee wangu. Aitwe mteja.

Ukizisoma moja moja hakuna ya kijinga hapo. Ni zote kwa pamoja ndizo zilizokuwa na kitu, na kitu hicho hakuna aliyekiona, wa juu wala wa chini.

Siku ya kuzitangaza, wahudumu wa Masaki, Kibuta na Chole walijaa katika chumba cha Masaki, wakanywa chai, wakala maandazi, wakasikiliza. Marselina alipomaliza aliuliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali.

"Tumekuelewa, madamu," alisema Bertha kwa niaba ya wote.

Hakuwahi kumwita madamu kabla ya siku hiyo. Marselina alikusanya karatasi zake, akajifanya hakusikia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo haukuchelewa. Siku ya mafunzo ya vishikwambi nusu ya wahudumu walikuwa na misiba, mingine ya watu waliokwisha kuzikwa mwaka juzi. Vishikwambi vilivyogawiwa vikawa kila siku havina chaji, na kimoja kikatumbukia kisimani, sijui kilikuwa kinafuata nini huko. Wazee wawili wa Kibuta wakawafukuza wahudumu wapya kwa maneno yaliyofanana kama wamefundishwa kwaya moja. Hakuna aliyesema hapana. Walisema ndiyo, wakaendelea na yao; funika kombe mwanaharamu apite.

Marselina alianza kukosa usingizi. Deus hakuwa mkali. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, aliyekaa semina nyingi kuliko misa. "Watu hawa hawana ubaya, dada Marselina," alimwambia. "Wanaogopa tu. Waite, wasikilize, wateme nyongo yote. Halafu mtafute kinara wao. Kinara akikubali, wengine watafuata."

Kinara hakuwa na haja ya kutafutwa. Marselina alimjua mpaka harufu ya jiko lake.

Akaitisha kikao kingine, akasema leo mimi sina neno, nimekuja kusikiliza. Ndipo yakamwagika. Njia za Chole mvua zikinyesha hazipitiki kwa asiyezijua. Wazee wana haya, hawavuliwi nguo na kila mtu. Mmoja alilalamikia mbwa, mwingine mume wake. Wengine, na hili nalo lisemwe, walichokuwa wanalilia ni kuku na mihogo waliyozoea kupewa, ila walikivalisha nguo ya huruma. Bertha alisema la kwake mwisho.

"Mzee Hilario nimemuosha tangu mke wake amefariki. Najua akitukana ana njaa, akinyamaza anaumwa. Leo nimpe mtu tu, kama nampa ndoo ya kuazima?"

"Utamweleza mwenzio hayo yote siku ya kukabidhiana, dada," alisema Marselina.

Bertha alimtazama, akacheka kidogo kwa pua.

Marselina aliondoka na yote hayo kichwani, mchele na pumba pamoja, na kila alipopepeta alibaki na neno moja, kwamba watu wanapigania mazoea. Katika yote yaliyosemwa siku ile hakuna aliyetaja mlango. Si kwamba walificha. Hakuna aliyejua kuwa mlango nao ni jambo.

Mzee Hilario alikuwa akikaa Chole, peke yake, nyumba ya udongo yenye bati, mwisho wa kijia kinachopita katikati ya mikorosho. Enzi zake alikuwa mpiga kengele wa kigango. Miguu ilikwisha kumkataa. Alijikokota kutoka kitandani mpaka kizingitini na kurudi, basi. Na sauti yake, sijui kengele ndiyo iliyoinyonya, ilikuwa imebaki ndogo kama ya mtoto mwenye mafua. Bertha hakuwa na shida na sauti hiyo, kwa sababu hakuwahi kumsubiri amkaribishe. Alikuwa akiingia kwa uani, anapiga kelele tangu njiani, "We mzee, bado hujafa?" na mzee anamtukana kutoka ndani kwa furaha.

Wa kumpokea Bertha kazi hiyo alikuwa Elinipa. Mpare huyo, mke wa mwalimu, alikuwa na miaka miwili tu Kisarawe. Msichana safi, mchapakazi, aliyelelewa vizuri kupita kiasi. Shikamoo yake aliitoa akiwa amepinda goti. Siku ya kukabidhiana Marselina aliwapeleka mwenyewe kwa gari la ofisi. Bertha alishuka, akatembea na Elinipa mpaka kijia kinapoanza, akasimama, akanyoosha kidole.

"Nyumba ile pale."

"Hatufiki wote, dada?" aliuliza Elinipa.

"Nani atanikaribisha? Si mmesema haingii mtu mpaka akaribishwe?"

"Mzee huwa anatoka?"

"Utamjua mwenyewe," alisema Bertha. "Si mteja wako?"

Maneno hayo Marselina hakuyasikia siku ile. Alikuwa ndani ya gari, anaongea na Deus kwa simu, anamwambia kazi inakwenda vizuri.

Majuma ya kwanza kazi ilikwenda vizuri kweli. Elinipa alipofika alimkuta mzee ameketi kizingitini, anamkaribisha, mambo yanaisha. Kilichomsumbua Marselina ni habari nyingine. Bertha, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa akipanda bodaboda kwenda Chole. Kila mtu alijua. Na wahudumu wengine, kwa kuwa kinara anakwenda, nao wakaanza kurudi kwa wazee wao wa zamani kwa siri isiyokuwa siri. Deus akasema sasa imetosha. Ama Bertha akubali, ama aandikiwe barua ya kuachishwa kazi.

Marselina hakutaka Bertha aachishwe kazi. Ningependa mnielewe hapo. Alimpenda yule mwanamke. Basi Jumamosi moja akaenda Masaki, bila gari la ofisi. Hakupiga hodi. Alizunguka uani kama zamani, akafunua sufuria, akakuta kisamvu, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya mihogo iliyokuwa kwenye beseni. Bertha alimwangalia.

"Leo umekuja kama nani?"

"Kama mdogo wako."

"Haya, menya."

Wakamenya. Mtu aliyewakataza wenzake kupita uani alipita uani kwenda kulitetea katazo lake, na sijui kama aliliona hilo. Labda aliliona akalimeza. Mwenye kazi ya watu humeza mengi.

"Dada, watakuandikia barua," alisema baadaye. "Nimewazuia mara mbili. Tena siwezi."

"Waandike."

"Na wale wazee wa Kibuta uliopewa? Wao si watu?"

"Kibuta naenda. Nani kakwambia siendi?" Bertha alitupa ganda la muhogo. "Marselina, yule mzee ananisubiri. Akisikia pikipiki tu anaanza matusi."

"Ndiyo maana hatamzoea Elinipa. Wewe ukiwa unakwenda, yule binti atabaki mgeni siku zote. Hebu niambie, dada. Juzi presha ilikulaza. Siku ikikulaza moja kwa moja, Mzee Hilario atabaki na nani?"

Hapo alimpata. Na ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa ya haki. Kisu cha Bertha kilisimama ndani ya muhogo.

"Nitaacha," alisema. "Si kwa ajili ya Deus wenu. Kwa ajili yako. Lakini simwachii yule mtoto. Nakuachia wewe. Likimpata la kumpata, nitakuja kukuuliza wewe."

"Niulize mimi, dada."

"Umesema?"

"Nimesema."

Wakala kisamvu na mihogo sahani moja, wakacheka ya zamani, na Marselina alirudi Kibaha moyo mweupe.

Kinara alipokubali, wengine walifuata, sawasawa na alivyotabiri Deus. Ndani ya mwezi vishikwambi vilikuwa vinapata chaji kama muujiza. Misiba ikapungua. Wazee wa Kibuta wakawapokea wageni wao. Kibaha walifurahi mno, na mashirika mengine yalipoandaa warsha, Marselina akaombwa aende kueleza alivyowashughulikia wafanyakazi waliogoma kimoyomoyo. Mtoto wa mlima mihogo, asimame mbele ya watu wenye shahada. Alishona gauni jipya la kitenge. Alijifunza maneno yake mbele ya kioo.

Ahadi yake aliikumbuka. Alikuwa anapanga kwenda Chole. Kila wiki alikuwa anapanga, na kila wiki alifungua kishikwambi akaona alama ya kijani kwenye jina la Hilario, akajiambia anatunzwa, nitakwenda wiki ijayo. Siku moja alama ikawa nyekundu. Pembeni Elinipa ameandika: mteja hakuwepo nyumbani. Marselina aliitazama, akajisemea labda wamempeleka kigangoni. Baada ya siku chache ikaja nyekundu nyingine, maneno yale yale. Alishika simu ampigie Elinipa. Akakumbuka bado hajamaliza kuandaa maneno ya warsha. Akasema nitampigia kesho, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya warsha.

Kule Chole ilikuwa hivi. Mzee Hilario alianguka kati ya kitanda na mlango, nyonga ikavunjika, akabaki pale chini kwenye udongo. Elinipa alifika asubuhi, akasimama mbele ya mlango. Haukuwa na komeo wala kufuli. Ulikuwa umerudishwa tu. Akaita, "Hodi." Akasubiri. "Hodi hapa, babu." Akasubiri tena. Akaita ya tatu, kwa sauti ya heshima isiyo na kelele, kisha akageuka akaondoka. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na ndivyo anavyofunzwa kila mtoto aliyelelewa nchi hii. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unarudi, maana mwenyeji hayupo au hataki mtu, na yote mawili ni haki yake. Karatasi ya ofisi nayo ilisema vivyo hivyo. Adabu na taratibu zilikutana pale mlangoni zikasikilizana, na mtu yuko chini upande wa pili.

Ziara iliyofuata aliita tatu tena. Akaondoka tena.

Aliyemkuta ni Evodius, katekista wa kigango, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo wagonjwa hupelekewa komunyo nyumbani. Yeye aliona kuku wamejazana uani wanalia njaa, akapita huko huko walikopita kuku, akaingia.

Simu ilimkuta Marselina anakula pilau ya warsha. Alikuwa amemaliza kusema, watu wamempigia makofi, mama mmoja wa shirika la watoto alikuwa anamwomba namba. Alisikiliza, akaweka sahani kwenye kiti, akatoka na gauni lake jipya bila kumuaga mtu.

Hospitalini alimkuta Bertha amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kitandani kwa mgonjwa, anamlowanisha midomo kwa kitambaa. Midomo ile ilikuwa imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Marselina alisimama miguuni mwa kitanda, akashika chuma cha kitanda, akasema shikamoo. Mzee Hilario alifumbua macho, lakini aliongea na Bertha, si na yeye, na ilibidi wainame wote wawili kumsikia.

"Yule binti alikuja," alisema.

"Nyamaza, mzee. Pumzika."

"Alikuja. Nilimwitikia. Nilisema karibu." Alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Kila akiita, nilisema karibu, mama, pita. Hakusikia."

Bertha alikamua kitambaa kwenye bakuli, akakikamua mpaka kikauke, akaendelea kukikamua.

"Msimgombeze," alisema mzee. "Anapiga hodi vizuri."

Hakusema tena neno la maana. Alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Tangu kule hospitalini mpaka makaburini Chole, Marselina alisubiri kuulizwa. Alikuwa tayari. Alikuwa ameahidi kwa mdomo wake, uani kwa Bertha, na kama Bertha angemshika kanga mbele za watu akamuuliza, Mzee Hilario yuko wapi, Marselina angepata pa kulilia. Bertha hakumuuliza. Walipokutana baada ya kuweka mashada alimpa mkono, akasema, "Pole na msiba, madamu," akapita.

Elinipa ndiye aliyemfuata nyuma ya mti wa korosho, macho yamevimba. "Mama, mimi nilimuuliza," alisema. "Siku ile ya kwanza nilimuuliza dada Bertha kama babu huwa anatoka. Aliniambia nitamjua mwenyewe. Nami nilikuwa namkuta amekaa mlangoni. Siku ambazo sikumwona nikajua watu wamembeba kumpeleka kigangoni."

Marselina alisimama na maneno hayo. Angeweza kuyapeleka Kibaha. Deus alikuwa anauliza kosa lilianzia wapi, na hapo palikuwa pa kuanzia, pameiva kabisa: mhudumu wa zamani, mkorofi, alimficha mwenzake habari za mgonjwa kwa makusudi ili mabadiliko yashindwe. Lingeaminika. Lilikuwa hata na ukweli ndani yake. Lakini alijua na ukweli mwingine, kwamba Bertha alinuna siku moja tu njiani, kama watu wanavyonuna, akidhani Jumapili atakwenda mwenyewe kuona. Na Jumapili hizo ni nani aliyezichukua? Alimwambia Elinipa, "Hayo usimwambie mtu. Nimeyasikia mimi, yamekwisha." Kwa Deus alisema kosa ni la msimamizi. Deus akaguna, akaandika kosa ni la taratibu.

Basi taratibu zikarekebishwa. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mhudumu asiondoke. Amwite jirani au mjumbe wa nyumba kumi, wafungue, waingie. Maneno hayo Marselina aliyaandika mwenyewe. Aliyapeleka Masaki, katika kile chumba kimoja, chai na maandazi yakiwa mezani. Aliyasoma. Akauliza kama kuna swali.

"Tumekuelewa, madamu," wakasema.

Na safari hii waliyafuata. Hakuna kishikwambi kilichozimika, hakuna mzee aliyefundishwa kufukuza mtu, hakuna aliyebisha hata kuhusu mbwa. Aliwatazama mmoja mmoja akatamani mtu agombe. Wangeambiwa wapige hodi kwa kengele wangekwenda kununua kengele. Hofu ndiyo iliyokuwa imeketi kwenye viti vile, inakunywa chai. Kibaha waliita hilo mafanikio.

Bertha hakuwepo. Kishikwambi chake kilikuwa kimeletwa na dereva wa bodaboda, kimefungwa vizuri kwenye mfuko, bila salamu.

Kikao kilipokwisha, Marselina alimwambia dereva wa ofisi amsubiri, akatembea mpaka nyuma ya kijiwe. Miguu ilizunguka yenyewe kuelekea uani. Pale kwenye ua wa makuti palikuwa na mlango mdogo, na miaka yote ulikuwa ukifungwa kwa kurudishiwa tu. Leo ulikuwa umefungwa kwa waya uliosokotwa kwa ndani. Alisimama akautazama ule waya. Kisha akarudi, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mlango ambao hakuwahi kuugonga. Ndani, huko uani, mchi ulikuwa unatwanga kisamvu.

"Hodi," aliita.

Mchi ukanyamaza.

"Hodi hapa. Dada Bertha, ni mimi."

Alijua anasikiwa. Alijua Bertha amesimama na mchi mkononi, hatua chache tu, na alijua pia kwamba kilichomfunga mdomo si hasira peke yake. Alitaka kumwambia kwamba yale ya Elinipa hajayasema kwa mtu, wala hatayasema. Alitaka kuulizwa lile swali. Aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango. Karatasi iliyokuwa kwenye mkoba wake ilisema asiondoke, aingie, lakini iliandikwa kwa ajili ya wateja.

"Hodi," aliita mara ya tatu.

Alisubiri kuliko adabu inavyotaka. Kisha kule uani mchi ukaanza tena kutwanga, taratibu, na Marselina akageuka, akarudi kwenye gari.